Msimbazi na Mchicha wa Bondeni

Neno mto lina watu wawili wanaoligombania: mwenye usingizi na mwenye kiu. Mmoja anautaka alaze kichwa, mwingine anautaka ateke maji. Mshairi anayetafuta neno la kuchezea hulipata hili bila tabu, na akilipata hana haja ya kulikunja wala kulikunjua; limekwisha kunjika lenyewe. Jiji la Dar es Salaam, kwa bahati mbaya, limeuchukua Mto Msimbazi kwa maana ya kwanza kuliko ya pili. Limeulalia kwa miaka mingi usingizi mnono, na kila lisilotaka kukiona mchana limekisukumia chini yake, mfano wa mtoto afichaye kitu chini ya mto wa kitanda akidhani kwamba kwa kuwa hakionekani, basi hakipo.

Msimbazi si mto mkubwa. Hauna ukuu wa Rufiji wala umbali wa Ruvu. Unaanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukateremka kilomita zipatazo 35 tu kabla ya kuonja chumvi. Lakini katika safari hiyo fupi hupita penye watu wengi kuliko mito mingi mirefu: Gongo la Mboto, Tabata, Vingunguti, Kigogo, Jangwani, ukipokea vijito vya Kinyerezi, Ubungo na Sinza, hata ukajimwaga baharini chini ya Daraja la Selander, penye mikoko. Kwa sehemu kubwa ya njia yake ya chini mto huu ndio mpaka wa Kinondoni na Ilala. Temeke nayo ina mito yake, Kizinga na Mzinga, ambayo hadithi yake ni ndugu ya hii.

Jina la bonde hilo halikosi kutajwa. Kila Jumapili ya mpira, maelfu ya watu huwaita Simba kuwa ni Wekundu wa Msimbazi, na Yanga kuwa ni watoto wa Jangwani. Timu mbili zilizoigawa nchi nzima zimejiita kwa majina ya bonde moja, na mashabiki wake hukesha wakibishana. Ajabu ni kuwa katika kelele zote hizo hauliziwi mto wenyewe: u hali gani?

Kuna wakati ambapo jiji lililazimika kuuliza. Mwaka 1949 ulijengwa mtambo wa kusafishia maji pale Mtoni, Temeke, ukiteka maji ya Mto Kizinga na kuyapeleka kwa wakazi wa mji. Mji ulipokua, maji hayo hayakutosha. Mwaka 1959 ukaja mtambo wa Ruvu Juu huko Mlandizi, na mwaka 1976 wa Ruvu Chini, na tangu hapo sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam imetoka mbali, nje ya jiji kabisa. Mtambo wa Mtoni uliendelea kuchangia kiasi kidogo, lakini macho ya mji yalikwisha hama. Hapana aliyefanya jambo baya kwa kujenga Ruvu. Bila Ruvu watu wangekufa kwa kiu. Hata hivyo, mtu hukichunga kisima anachokunywa. Akiletewa maji kutoka kijiji cha pili, kisima cha uani kwake huanza kutupiwa maganda, kisha majani, kisha kila kitu.

Na kila kitu kilitupwa. Viwanda vilipangwa kandokando ya barabara kuu, Ubungo, Chang'ombe, Keko, barabara ya Pugu ambayo leo huitwa ya Nyerere, na baadaye Mbagala. Vilikuwa fahari ya taifa changa, na fahari hiyo haikuwa ya uongo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Uchina, kiliwavisha watu kanga na vitenge, na wako kina mama wengi ambao kanga zao za arusi zilitoka huko. Lakini katika upigaji rangi wa nguo, popote duniani, si rangi yote inayoshika uzi. Ile isiyoshika huoshwa, na maji ya kuoshea lazima yaende mahali. Kanga huja na jina lake pindoni, maneno mazuri ya mapenzi au ya mafumbo. Rangi iliyobaki huenda bila jina, ikapita kwenye mfereji, na mfereji ukapita kwenye mto. Hali kadhalika ngozi, ambayo hulainishwa kwa chumvi za kromi; hali kadhalika betri zilizokwisha, rangi za nyumba, oili chafu za gereji, sabuni, na maji ya viwanda vya pombe na vinywaji.

Ingekuwa rahisi kuutia mzigo wote juu ya viwanda, na kisha kila mtu akaoga, akapaka udi, akalala. Insafu haikubali. Vingunguti kuna machinjio, na damu na mavi ya ng'ombe kwa miaka mingi yaliteremka bondeni. Hapo hapo yapo mabwawa ya kutulizia majitaka, ambamo maji hukaa siku nyingi yakipita bwawa moja baada ya jingine ili jua na vijidudu viyasafishe kabla ya kuachwa yaende zake. Mpango huo ni mzuri kama mabwawa hayajaa tope na kama yanapokea majitaka ya watu peke yake. Yakichanganyika na ya viwanda, vijidudu vilivyotakiwa kufanya kazi hufa, na kazi haifanyiki. Tena sehemu kubwa ya nyumba za jiji hazikuunganishwa na bomba la majitaka. Zina vyoo vya shimo. Gari la kunyonya majitaka lina bei yake, na uchochoro mwingine haupitishi gari. Basi masika yakija, mtu asiye na fedha husubiri usiku wa mvua kubwa, akatoboa shimo lake likamiminika. Wakazi wanalo neno la jambo hilo: kutapisha choo. Ni neno la kweli mno. Nyumba hula mwaka mzima, ikatapika usiku mmoja, na atapikiwaye ni jirani wa chini.

Ama taka ngumu, zenyewe zilisafiri kama mgeni asiyetakiwa. Jaa kuu la jiji lilikuwa Tabata. Moshi, nzi na harufu vikawachosha wakazi, nao mwaka 1988 wakaishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda, akaitaja Ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi, na akashangaa kwamba chombo cha umma kinaweza kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Hukumu hiyo husomwa hadi leo na wanafunzi wa sheria Afrika Mashariki, na wakazi wale wanastahiki heshima yake. Lakini itazame njia ya taka baada ya hapo. Zilitoka Tabata zikaenda Vingunguti, kwenye bonde la Msimbazi. Kutoka Vingunguti zikaenda Mtoni, kwenye hori la Kizinga. Kutoka Mtoni zikapelekwa Pugu Kinyamwezi, yaani katika upande uleule wa vilima unakoanzia Msimbazi. Ushindi wa mahakamani uliziondoa taka mlangoni kwa watu. Haukuziondoa katika njia ya maji. Wahenga walikwisha nena: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Ngama ya jahazi hili ina watu. Kwa miaka mingi, kuanzia Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, ukanda wa kijani umefuata mto pande zote mbili: matuta ya mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga. Wanaoyalima ni watu wasio na ardhi nyingine. Mchicha hupendwa kwa sababu hauchelewi; wiki tatu au nne tangu kupandwa huwa tayari, na fungu moja likiuzwa leo hununua unga wa leo. Mwanamke anayelima hapo huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akashuka na ndoo mbili, akateka, akamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu. Anajua rangi za mto kuliko mtaalamu yeyote. Anajua siku unapokuja mweusi na siku unapokuja na povu. Siku ya povu hamwagilii, husubiri ipite. Huo ndio utafiti wake na ndiyo sheria yake, na hakuna aliyemfundisha.

Jua likipanda, mchicha umekwisha fika gengeni, Manzese, Magomeni, Buguruni. Mteja huuliza, "Shikamoo mama. Mchicha huu wa wapi?" Naye hujibu, "Marahaba mwanangu. Wa kisima huo." Mteja anajua kwamba pengine si wa kisima, na muuzaji anajua kwamba mteja anajua. Wote wawili wanalinda heshima ya swali. Mteja hununua kwa kuwa mchicha wa mbali una nauli ndani yake. Muuzaji husema hivyo kwa kuwa akisema kweli, watoto wake hawali. Mwenye kumlaumu mama huyu na atazame kwanza ni wangapi walio juu yake kwenye mkondo, walioongopa kabla yake kwa faida kubwa zaidi.

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito, kwa sababu mama huyo na mteja wake wana kinga moja wanayoiamini, nayo ni moto. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, kikianzia Kinondoni na kisha kuenea mikoa mingi, watu walihimizwa kuchemsha maji na kupika chakula kikaiva, na mahimizo hayo yalikuwa sahihi: kijidudu cha kipindupindu hufa kwa moto. Lakini metali haifi, kwa kuwa haikuwa hai. Risasi, kadimi na kromi zilizo katika maji huzama katika tope, zikapanda kwa mizizi hadi kwenye jani. Jani likichemshwa, likakaangwa, likatiwa nazi, zingali mlemle. Maji yenye kinyesi yanaweza kusafishwa na subira. Tope lenye risasi hukaa na risasi yake hata baada ya mchafuzi kufunga kiwanda na kwenda kwao.

Lugha yenyewe ilijaribu kuonya. Madini hayo Kiswahili kimeyaita risasi, jina lilelile la kitu kitokacho kwenye bunduki, kwa kuwa ndiyo yaliyoyeyushwa kutengenezea. Risasi ya bunduki ina mlio, na baada ya mlio watu hukusanyika, polisi huja, mashahidi huandikwa. Risasi ya mchicha haina mlio. Hukaa mifupani na huzuia ubongo wa mtoto kukua ipasavyo. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hafi. Huchelewa tu kusoma, huambiwa mvivu, hurudia darasa, akawa mtu mzima ambaye hakuwa yule aliyekuwa awe. Hapana cheti cha kifo kitakachoandikwa hayo.

Watafiti wameyapima mambo haya. Tangu miaka mingi, wanasayansi wa vyuo vya Dar es Salaam wamechukua maji, tope na mboga za Msimbazi, wakaripoti metali nzito katika vyote vitatu. Kazi yao ni njema na jina lao lihifadhiwe. Lakini karibu yote imeandikwa kwa Kiingereza, ikachapishwa katika majarida ambayo mama wa ndoo mbili hajayasikia, wala diwani wake, wala mwalimu wa mwanawe. Maarifa yamepanda juu kama mvuke wakati sumu imeteremka chini kama tope, na vitu hivyo viwili havijakutana.

Asidhani msomaji kwamba hili ni jambo la Dar es Salaam peke yake. Mwezi Mei 2009, huko Tarime, maji yenye tindikali kutoka eneo la mgodi wa dhahabu wa North Mara yalivuja hadi Mto Tigithe, na wanakijiji wakalalamikia mifugo na afya zao kwa miaka iliyofuata. Machi 2022 samaki walielea wamekufa katika Mto Mara, maji yakawa meusi. Kamati ya serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na jibu hilo likazua mabishano nchi nzima. Na kabla ya hayo yote, mwaka 1956 katika mji wa wavuvi wa Minamata, Japani, ndipo ulipotangazwa ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwanda iliyoingia baharini, ikaingia kwa samaki, ikaingia kwa akina mama na watoto walio tumboni. Mkataba wa dunia kuhusu zebaki, uliotiwa saini mwaka 2013, umepewa jina la mji huo. Yapo majina ambayo mji hauyaombi.

Wala asidhani kwamba mto ukifa hauwezi kufufuka. Thames ya London ilinuka kiasi kwamba mwaka 1858 wabunge walishindwa kukaa katika bunge lao lililo ukingoni, na mwaka 1957 ilisemekana kuwa haina uhai. Leo ina samaki. Haikufufuka kwa dua peke yake wala kwa aibu peke yake: palijengwa mabomba makubwa, zikatungwa sheria, viwanda vikalazimishwa kuzifuata, na miaka mingi ikapita. Ila ilisaidia kuwa harufu iliwafikia wenye kura. Harufu ya Msimbazi hukaa bondeni.

Wapenzi wa mashairi wana sababu yao ya kulijali jiji hili. Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam alikuwa mshairi, Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 alikuwa amekwisha chapisha kitabu kilichoeleza sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Kwa mafunzo yake wengi walijua kwamba mshororo ukizidi mizani umeharibika, hata maneno yake yakiwa matamu namna gani. Na anayesoma husikia kasoro hapo hapo, hahitaji kusubiri kamati. Mto nao una mizani yake. Kiwango cha risasi katika maji ya kunywa kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, na Tanzania ina viwango vyake vya maji yanayotoka viwandani. Tofauti ni kwamba mizani ya shairi husikika kwa sikio la kila mtu, na mizani ya mto husomwa na wachache kwa mashine, kisha ikafungiwa kabatini.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kwamba kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa mtu haki ya kupata habari za mazingira. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Ukiziweka haki hizo mbili pamoja, linazaliwa dai dogo lisilohitaji mabilioni: matokeo ya vipimo vya mto yabandikwe kila baada ya miezi mitatu katika ofisi ya kata, kwa Kiswahili, yakisema maji ya hapa yana nini, ni kiasi gani, yatumike kwa nini na yasitumike kwa nini. Pale ambapo neno halipo, wenye lugha walitafute. Hiyo ni kazi yao kama ilivyo ya waganga na wahandisi. Mama akijua kwamba tuta la juu lina risasi na tuta la bomba la mtaro halina, atahama mwenyewe. Akijua ni bomba la nani linalotoa povu, hataishia kusubiri lipite.

Bonde sasa linabadilika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na waliopoteza makazi mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Mafuriko mengine yakafuata, maji yakaifunga barabara ya Jangwani mara kwa mara, hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ikazama. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi: kupanua njia ya maji, kuinua daraja la Jangwani, kuwalipa fidia na kuwahamisha watu, na kufanya bustani ya jiji pale palipokuwa na makazi. Mwaka huohuo Daraja la Tanzanite lilifunguliwa mbele ya Selander, na anayelivuka huona bahari pande zote mbili, ikimeremeta.

Mradi huo umelenga zaidi wingi wa maji, na wingi ulikwisha ua watu. Haki yake kushughulikiwa kwanza. Lakini bustani ya jiji itanyweshwa na mto uleule. Aliyeondolewa Jangwani bila shamba jingine atatafuta maji mengine, na ya karibu ni ya Msimbazi huohuo, juu zaidi, jirani zaidi na mabomba ya viwanda. Atapanda, atasubiri wiki tatu au nne, atashuka na ndoo zake kabla ya adhana, na asubuhi mchicha wake utakuwa gengeni, mbichi, umenyunyiziwa maji ili usinyauke. Mteja atauliza umetoka wapi. Jibu la swali hilo haliko kwa mama peke yake. Liko kwa mwenye kiwanda, kwa mkaguzi aliyepita au asiyepita, kwa mtafiti na ripoti yake, kwa ofisi ya kata na ubao wake wa matangazo, ambao hadi sasa una nafasi ya kutosha.